Kurudufisha si Kunukuu: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za DNA kwa Kurejelea Utafiti wa Malaria Nchelenge

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha elimu na cha vyombo vya habari kinavyoeleza umbo la DNA, kurudufishwa kwake na kunukuliwa kwake ndani ya seli. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kimoja, kunakili, kimebebeshwa michakato miwili ambayo matokeo yake ni tofauti kabisa: mmoja hupitisha urithi kwa kizazi kijacho, na mwingine hutoa maelekezo ya muda kwa kazi za seli. Athari za mkanganyiko huo zinaonyeshwa kwa mifano mitatu inayohusiana na udhibiti wa malaria wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia. Makala yanapendekeza kwamba istilahi urudufishaji, unukuzi na tafsiri zitumike bila kuchanganywa, na kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kuzihusisha pande zote mbili za ziwa.

1. Utangulizi

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini, Pweto, yakiwa Mto Luvua. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Samaki, wafanyabiashara na wagonjwa huvuka maji hayo kila siku, na mbu na vimelea vya malaria nao hawatambui mpaka.

Kwa wachunguzi wa malaria, Nchelenge ni jina linalofahamika. Ni mojawapo ya maeneo yaliyofuatiliwa na mradi wa kimataifa wa utafiti wa malaria wa kusini na kati mwa Afrika, pamoja na Choma iliyo kusini mwa Zambia na Mutasa iliyo mashariki mwa Zimbabwe. Tofauti na Choma, ambako maambukizi yameshuka sana, Nchelenge imebaki na maambukizi makali licha ya vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na matibabu. Sehemu kubwa ya maarifa kuhusu hali hiyo imetokana na DNA: ya kimelea, iliyotolewa katika matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, na ya mbu, iliyotolewa hata katika mguu mmoja wa mdudu aliyekufa.

Msomaji anaweza kuuliza Kiswahili kinahusika vipi na wilaya ambayo lugha yake ya mawasiliano mapana ni Kibemba na lugha yake ya ofisi ni Kiingereza. Majibu ni mawili. Kwanza, ufuko wa magharibi wa ziwa lilelile umo katika eneo la Kiswahili cha Katanga. Pili, mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na Zambia, Kongo na Tanzania zote ni wanachama. Taarifa ya afya inayokusudiwa kuzihudumia nchi hizo kwa pamoja sasa inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Je, Kiswahili hicho kiko tayari kueleza kinachotokea ndani ya seli ya kimelea? Msamiati upo. Kilichokosekana ni nidhamu ya kuutumia.

2. Jina na mzigo wake

Molekuli hii ina majina mengi katika Kiswahili. Nchini Tanzania neno vinasaba limeenea, na limepata hadhi ya kisheria kupitia sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Vyombo vya habari vya Kenya hupenda msimbojeni au chembechembe za DNA. Nchini Kongo, kifupi kinachosikika ni ADN, kwa kuwa kimepitia Kifaransa. Hivyo, mtaalamu wa maabara wa Nchelenge na mwenzake wa Pweto wanaweza kuchunguza kimelea cha aina moja, kutoka ziwa moja, wakaandika vifupi viwili tofauti.

Wingi wa majina peke yake si kasoro kubwa. Kasoro ni pale jina linapoelekeza fikra mahali ambapo jambo lenyewe halipo. Vinasaba ni neno lililoundwa kwa ustadi: ni fupi, linatamkika, na linapokea viambishi bila shida. Lakini nasaba ni ukoo, na katika matumizi mengi ya Kiswahili, hasa ya pwani, nasaba ya mtu hufuatwa kwa baba. Ndiyo maana vinasaba vimezoeleka zaidi katika habari za ubaba unaobishaniwa na maiti zisizotambuliwa. Katika jamii nyingi za Luapula ukoo hufuatwa kwa mama. Msomaji wa huko akielezwa kwamba vinasaba ni alama za nasaba, atakuwa na haki ya kuuliza: nasaba ya nani? Biolojia yenyewe haimpi ushindi baba: DNA ya kiini cha seli hutoka kwa wazazi wote wawili, na ile ya mitokondria, kwa binadamu, hutoka kwa mama.

Ziwa Mweru linatoa ushahidi mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu samaki wa kundi la haplokromini ulilinganisha Mweru na Bangweulu. Katika Bangweulu haukuonekana mchanganyiko wa koo, na pia haukuonekana mlipuko wa spishi mpya. Katika Mweru, koo zilizotoka upande wa Bangweulu zilikutana na koo za Kongo, zikazaliana, na baada ya hapo spishi nyingi zenye maumbo na malisho tofauti zikachipuka. Historia iliyoandikwa katika DNA ya samaki hao ni ya mikondo iliyokutana na kuchanganyika, si ya mstari mmoja wa ukoo. Neno nasaba halikuundwa kubeba maana hiyo.

Sipendekezi vinasaba liondolewe. Neno lililokwishaingia katika sheria na katika vinywa vya watu haliondolewi kwa azimio la kongamano. Ninachopendekeza ni mgawanyo wa kazi: DNA ibaki jina la molekuli, jeni libaki jina la kipande cha molekuli hiyo chenye maelekezo ya kutengenezea kitu fulani, na vinasaba litumike pale utambulisho au uzawa unapojadiliwa. Sentensi inayosema kwamba kimelea kina vinasaba sugu haimwambii msomaji kama kinachozungumziwa ni molekuli nzima, jeni moja, au herufi moja ndani ya jeni.

3. Umbo: ngazi, kamba na mwelekeo

Tangu James Watson na Francis Crick walipochapisha muundo wa DNA mwaka 1953, kwa kutegemea pia picha za miale ya eksi zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin, dunia imezoea mfano wa ngazi iliyosokotwa. Kiswahili kimeupokea mfano huo, na una faida zake. Nguzo mbili za ngazi ni minyororo ya sukari na fosfati. Vipago ni jozi za besi: adenini hukabiliana na thaimini kwa vifungo viwili vya haidrojeni, na guanini na saitosini kwa vitatu. Kwa kuwa kila besi ina mwenzake maalumu, anayeujua mfuatano wa uzi mmoja anaujua na wa pili.

Hata hivyo, ngazi ina kasoro moja. Nguzo zake zote mbili huelekea juu, ilhali nyuzi za DNA huelekeana kinyume: mwanzo wa mmoja uko mkabala na mwisho wa mwingine. Maelezo mengi ya Kiswahili kwa wasio wataalamu huliruka jambo hili kana kwamba ni pambo la wanakemia, ilhali ndilo linaloamua namna DNA inavyorudufishwa na kusomwa. Kimeng'enya polimerasi hujenga uzi mpya katika mwelekeo mmoja tu. Uma wa kurudufisha unapofunguka, uzi mpya mmoja hujengwa mfululizo, na wa pili hujengwa kwa vipande vifupi, vinavyoitwa vipande vya Okazaki, ambavyo baadaye huunganishwa. Mwanafunzi aliyefundishwa ngazi peke yake hana njia ya kuelewa sababu ya vipande hivyo, hivyo huvikariri tu.

Mfano wa barabara yenye njia mbili, ambapo magari hupishana yakielekea pande tofauti, unafaa kuongezwa kando ya ule wa ngazi. Ngazi ieleze jozi, barabara ieleze mwelekeo. Hakuna sababu ya kudai mfano mmoja ubebe yote.

4. Kitenzi kimoja, kazi mbili

Nitunge sentensi ya aina inayojitokeza mara nyingi katika maelezo ya Kiswahili: "DNA hujinakili, kisha hunakiliwa kuwa RNA." Kisarufi haina dosari, lakini kitaalamu ina dosari mbili.

Ya kwanza ni kiambishi cha kujirejea. DNA haijinakili. Nyuzi zake hutenganishwa na kimeng'enya kimoja, uzi mpya hujengwa na kingine, na vipande huunganishwa na kingine tena. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walionyesha kwamba kila molekuli mpya huwa na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Kwa hiyo hakuna asilia inayobaki pembeni na nakala inayoondoka, kama ilivyo kwa barua na kivuli chake. Asilia yenyewe hugawanywa, na kila nusu hukamilishwa.

Dosari ya pili ni kutumia kunakili kwa tendo linalofuata. Katika tendo hilo sehemu ndogo tu ya DNA hufunguliwa, uzi mmoja husomwa, na RNA hujengwa kwa kuufuata. RNA hiyo ina mfuatano sawa na wa uzi wa mkabala, isipokuwa mahali pa thaimini pana urasili. Kisha DNA hujifunga, na RNA huenda kutumika, huku ribosomu zikisoma herufi zake tatu tatu ili kuunganisha asidi amino kuwa protini. RNA ya ujumbe haidumu: huvunjwa baada ya kazi, mara nyingi katika muda wa dakika au saa.

Wanaisimu wa Kiswahili tuna neno la tendo hili, na tumelitumia kwa miaka mingi bila kufikiria seli. Tunapoandika matamshi kwa alama za kifonetiki, tunasema unukuzi. Tunapohamisha hati ya Kiswahili kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi za Kilatini, tunasema tunainukuu. Lugha haibadiliki, kinachobadilika ni maandishi, na asilia hubaki mahali pake. Hivyo ndivyo RNA inavyotokana na DNA. Hatua inayofuata, ya kutoka herufi za RNA kwenda asidi amino, ni kuingia katika lugha nyingine, na jina lake la haki ni tafsiri. Kwa tendo la kwanza, la kuongeza molekuli kuwa mbili, tuna urudufishaji, neno ambalo mwanaisimu hulikumbuka kutokana na maumbo kama polepole na harakaharaka.

Tofauti kubwa zaidi iko katika hatima ya kosa. Herufi ikikosewa wakati wa kurudufisha na kosa lisirekebishwe, seli zote zitakazozaliwa kutokana na uzi huo zitalirithi. Herufi ikikosewa wakati wa kunukuu, nukuu moja huharibika, nayo hutoweka ikivunjwa. La kwanza laweza kuwa mabadiliko ya kudumu, la pili ni hitilafu ya kupita. Lugha inayoyaita yote makosa ya kunakili inamnyima msomaji swali la msingi kuliko yote kuhusu usugu: je, utarithiwa?

5. Mifano mitatu kutoka katika udhibiti wa malaria

Jenomu ya Plasmodium falciparum ilichapishwa mwaka 2002: kromosomu 14, jozi za herufi zipatazo milioni 23, na takriban asilimia 80 ya herufi hizo zikiwa adenini na thaimini. Mwaka huohuo Zambia iliamua kuachana na klorokwini na kuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuifanya artemetha-lumefantrini dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Usugu dhidi ya klorokwini unahusishwa sana na badiliko moja katika jeni iitwayo pfcrt. Katika nafasi ya 76, herufi AAA huwa ACA, na asidi amino ya laisini hubadilishwa na threonini. Herufi moja imebadilika, badiliko hilo likarudufishwa kwa uaminifu katika kila kizazi, na dawa iliyotumiwa kwa miongo mingi ikadhoofika. Nchi jirani ya Malawi, iliyoacha klorokwini mwaka 1993, ilishuhudia vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vikitamalaki tena baada ya takriban muongo mmoja. Haikuwa kwamba vimelea sugu vilijirekebisha kimoja kimoja. Vile visivyo na badiliko viliendelea kuzaliana na kuvipiku. Huu ni mfano wa urudufishaji, na hauelezeki bila wazo la urithi.

Mfano wa pili unahusu mbu. Nchelenge, msambazaji mkuu wa malaria ni Anopheles funestus, na usugu wake dhidi ya viuatilifu vya piretroidi umethibitishwa. Katika funestus wa kusini mwa Afrika, sehemu muhimu ya usugu hutokana na jeni inayoitwa CYP6P9a, inayotoa kimeng'enya cha kuvunjavunja piretroidi kabla haijamdhuru mbu. Badiliko lililogunduliwa liko katika eneo la DNA linaloongoza usomaji wa jeni hiyo, na matokeo yake ni kwamba jeni hunukuliwa kupita kiasi. Sasa mshauri wa sera aambiwe kwamba mbu hawa wana nakala nyingi za CYP6P9a. Ataelewa nini? Kwamba jeni imeongezeka katika kromosomu, au kwamba RNA yake imeongezeka katika seli? Yote mawili hutokea katika viumbe, na hupimwa kwa njia tofauti. DNA hustahimili kukauka, hivyo mbu aliyehifadhiwa katika kichupa chenye kikausha unyevu anatosha. RNA huoza haraka, hivyo huhitaji kimiminika maalumu au barafu tangu mbu anapokamatwa. Katika wilaya iliyo mbali na maabara kubwa, neno nakala likitumiwa ovyo katika andiko la mradi linaweza kuondoa majokofu katika bajeti. Linaweza pia kuathiri uchaguzi wa vyandarua, kwa kuwa vile vyenye kiambata cha PBO vimekusudiwa kuzuia vimeng'enya vya aina hiyohiyo.

Mfano wa tatu ni kipimo cha haraka. Tone la damu huwekwa katika kifaa kidogo, na mstari ukitokea mgonjwa huambiwa ana malaria. Aina inayotumiwa zaidi Afrika hutafuta protini iitwayo HRP2. Haitafuti DNA wala RNA. Hutafuta zao la mwisho, baada ya unukuzi na tafsiri. Kimelea kilichopoteza jeni hiyo hakina cha kunukuu, hivyo kinaweza kupita bila kuonekana ingawa mgonjwa anaumwa. Kwa upande mwingine, protini hiyo hubaki katika damu kwa siku au wiki baada ya vimelea kufa, na mtu aliyekwishapona akapimwa na kuonekana mgonjwa. Katika eneo la maambukizi ya mara kwa mara kama Nchelenge, mhudumu wa afya anahitaji kuzielewa hali zote mbili. Kumwambia kwamba kipimo hicho kinaonyesha vinasaba vya malaria ni kumfungia milango yote miwili ya uelewa huo.

6. Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba muktadha unatosha, kwa kuwa mtaalamu atajua ni kunakili kupi. Ni kweli kwa mtaalamu, aliyejifunza tofauti hiyo kwa Kiingereza au Kifaransa kabla ya kufungua andiko la Kiswahili. Lakini istilahi inayoeleweka tu na aliyekwishaelewa kwa lugha nyingine haijafanya kazi yake.

Pingamizi la pili ni kwamba tuyachukue maneno ya kigeni, kama tulivyochukua jeni, protini na kromosomu. Kwa majina ya vitu naafiki. Kwa majina ya matendo nasita, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hufanya kazi ambayo nomino ya mkopo haiwezi. Kutokana na nukuu tunapata hunukuliwa, kinukuzi, isiyonukuliwa. Jeni inayonukuliwa mno na jeni isiyonukulika hutofautishwa kwa viambishi viwili, na msomaji hahitaji tanbihi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: seli si mwandishi, na taswira nzima ya herufi, kusoma na kutafsiri ni ya kuazima. Hakuna anayesoma ndani ya seli. Kuna molekuli zinazogusana kwa mujibu wa kemia. Hoja hii nakubaliana nayo, ila inaihusu kila lugha inayotumia taswira hiyo, Kiingereza kikiwamo. Maadamu taswira imekwishatawala sayansi yenyewe, wajibu wetu ni kuitumia kwa usahihi na kumkumbusha msomaji mipaka yake, si kuichanganya zaidi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mkanganyiko uliohakikiwa hapa hautokani na uhaba wa maneno. Urudufishaji, unukuzi na tafsiri ni maneno yaliyomo katika matumizi yetu. Mapendekezo ni manne.

Kwanza, mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yazitangaze istilahi hizo tatu kama seti moja, zenye fasili zinazotofautishana, badala ya kuziorodhesha kialfabeti kila moja peke yake. Pili, neno nakala litumike kwa DNA, na nukuu kwa RNA. Tatu, nyaraka za afya zitaje wazi kila kipimo kinapima nini: DNA, RNA au protini. Nne, kazi hii ishirikishe wataalamu wa Katanga na wa Luapula. Wa kwanza watasema kama nukuu inaeleweka katika Kiswahili chao. Wa pili, ambao Kibemba chao ni ndugu wa Kibantu wa Kiswahili na kinakabiliwa na tatizo hilohilo, watasema ni mfano upi unaovuka ziwa na upi unaozama.

Dawa ikibadilishwa, au kiuatilifu kipya kikiletwa, uamuzi huo huwafikia watu wa ufukoni kupitia maelezo ya mtu fulani. Mtu huyo akipewa kitenzi kimoja kwa matendo mawili, hatakuwa na namna ya kueleza kwa nini dawa ya jana haifai leo, wala kwa nini kiuatilifu cha leo huenda kisifae kesho.